Krete kwa Basi: Tathmini ya Huduma ya KTEL kwa Familia Inayotoka Dar es Salaam

Huduma ya mabasi ya abiria ya KTEL katika kisiwa cha Krete, nchini Ugiriki, inatosha kuibeba likizo nzima ya familia inayotoka Dar es Salaam, ilimradi familia hiyo ikubali kuanza mpango wake na ratiba ya basi, ifuate na malazi, na vivutio vije mwisho. Wengi wetu hupanga kinyume cha hapo. Tunachagua hoteli kwa uzuri wa picha, tunaandika orodha ya fukwe na magofu, halafu tukishafika ndipo tunauliza usafiri. Kwa mpangilio huo basi litaonekana baya, na msafiri ataishia kulipa teksi kila siku. Kwa mpangilio wa kwanza, nimeona kwa macho yangu watu wazima watatu, mmoja wao mama yangu mzazi mwenye magoti yanayomsumbua, wakikizunguka kisiwa hicho kwa utulivu na kwa gharama waliyoijua tangu mapema.

Nimeona niandike kwa sababu ushauri unaotolewa hapa mjini kuhusu visiwa vya Ugiriki ni wa aina mbili tu. Wa kwanza ni Santorini, pamoja na kuta zake nyeupe na bei zake. Wa pili ni kwamba anayekwenda Krete hana budi kukodi gari. Ushauri huu wa pili umeandikwa kwa sehemu kubwa na watu waliojifunza udereva katika nchi zinazoendesha upande wa kulia wa barabara. Sisi tunaendesha kushoto, usukani wetu uko kulia, na barabara za Krete za milimani si mahali pa kujifunzia kuhama upande. Tena kuna suala la leseni ya kimataifa ya udereva, ambayo mwenye leseni ya Tanzania anatakiwa kuwa nayo, na suala la dhamana. Wakala mmoja wa safari wa katikati ya jiji alituwekea gari katika mpango wetu bila kututajia kwamba kampuni nyingi za kukodisha huishikilia dhamana hiyo kwenye kadi ya mkopo yenye jina la dereva mwenyewe, kadi ambayo Watanzania wengi hawana. Tuliyasoma masharti wenyewe, tukaliondoa gari kwenye mpango kabla ya kulipa.

Umbo la kisiwa ndilo linaloamua basi linafaa wapi. Krete ina urefu wa kilomita zipatazo 260 kutoka magharibi hadi mashariki, lakini upana wake hauzidi kilomita 60, na mahali pengine ni 12 tu. Katikati imepigwa mstari wa milima ambayo kilele chake kirefu, Psiloritis, kinafika mita 2,456. Miji yote mikubwa, yaani Chania, Rethymno, Heraklion na Agios Nikolaos, imepangana kwenye pwani ya kaskazini, na barabara kuu moja inaiunganisha. Hakuna reli kisiwani. Kwa hiyo basi la njia ya kaskazini ndilo uti wa mgongo wa usafiri, na linaendeshwa kwa heshima inayostahili jambo hilo: mabasi huondoka mara nyingi kwa siku, kutoka Heraklion hadi Rethymno ni takriban saa moja na nusu, na kutoka hapo hadi Chania ni takriban saa moja. Kampuni ziko mbili, moja ikihudumia upande wa Chania na Rethymno, nyingine upande wa Heraklion na Lasithi, mkoa wa mashariki kabisa. Mwenye kupanga safari hana budi kufungua tovuti zote mbili, kwa sababu ratiba ya mashariki haimo katika tovuti ya magharibi.

Jambo lililonivutia kuliko yote ni namna mfumo huu ulivyojengwa, maana ndiyo sababu ya uaminifu wake. Wamiliki wa mabasi nchini Ugiriki waliwekwa katika vyama vya kimkoa, ndivyo hivyo viitwavyo KTEL, mwaka 1952, mapato ya mabasi yakawa yanaingia katika mfuko wa pamoja na kugawanywa kati ya wenye mabasi, na baadaye vyama vingi vikageuzwa kuwa kampuni za hisa. Kwa mkazi wa Dar es Salaam tofauti hiyo inaeleza karibu kila kitu. Daladala ya kwetu inadaiwa hesabu na mwenye gari kila jioni, na kwa hiyo dereva na kondakta wana kila sababu ya kungoja gari lijae, kukimbizana na wenzao kituoni, na kukatisha ruti abiria wanapopungua. Basi la KTEL halina mwenzake wa kukimbizana naye katika njia yake, wala dereva hapungukiwi chakula cha siku hiyo kwa sababu viti vya nyuma vimebaki wazi. Saa ikifika, linaondoka. Mama alikaa kwenye benchi la kituo cha Chania akilitazama basi la Rethymno likitoka na nusu ya viti vitupu, akanigeukia:

“Mwanangu, hapa hakuna anayeita abiria?”

“Hakuna, mama. Wameandika saa ukutani, basi.”

Utaratibu huo unamdai abiria naye. Anayefika kituoni dakika moja baada ya saa iliyoandikwa amelikosa basi, na hakuna wa kumbembeleza. Ratiba zimeandikwa kwa mtindo wa saa 24, hivyo 13:30 ni saa saba na nusu mchana kwa hesabu yetu, na ni vema kuziandika upya kwa saa za Kiswahili kabla ya kuwapa wazee wa safari. Kuna unafuu mmoja ambao wapangaji wengi hawautambui: tangu Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba, saa za Ugiriki ni sawa kabisa na za Tanzania, kwa hiyo mwili haubabaiki na simu za nyumbani hazimwamshi mtu usiku wa manane.

Mabasi yenyewe ya masafa ni makubwa, yana viyoyozi, na mizigo huingia kwenye buti chini. Tiketi hukatwa dirishani kituoni au kwenye tovuti ya kampuni; katika vituo vidogo vya njiani msafiri humpungia dereva mkono na kulipa ndani. Maandishi ya mbele ya basi mara nyingi huwa ya Kigiriki, na hapo ndipo ningemshauri kila mtu atumie jioni moja tu, akiwa bado nyumbani, kujifunza herufi kubwa za Kigiriki. Mtu akiweza kusoma ΧΑΝΙΑ, ΡΕΘΥΜΝΟ na ΗΡΑΚΛΕΙΟ hahitaji kumuuliza mtu yeyote asimame upande gani. Ngazi za kupandia ni ndefu. Kwa mama tulikuwa tunamtanguliza mmoja wetu ndani amshike mkono, na madereva walisubiri mpaka akae kabla ya kuondoa gari. Mtu anayetumia kiti cha magurudumu lakini aulize mapema kwa kila njia atakayoitumia, kwa sababu mabasi haya ya masafa yamejengwa juu na si rahisi kwake.

Malazi yafuate kituo cha basi. Kanuni niliyoifuata ni kuchagua miji miwili tu ya kulala, Chania kwa upande wa magharibi na Heraklion kwa katikati na mashariki, na katika kila mji kupanga nyumba au hoteli iliyo umbali wa kutembea kwa miguu kutoka kituoni. Zile hoteli kubwa za ufukweni zilizo nje ya miji, zenye mabwawa na chakula cha kujipakulia, zinamfaa anayetaka kupumzika mahali pamoja. Anayetaka kukiona kisiwa atakuwa anaanza kila siku kwa kusubiri usafiri wa kumfikisha kwenye usafiri. Tulichagua nyumba zenye jiko. Nawasihi wasomaji Waislamu wafanye hivyo hivyo, maana nyama ya kuchinjwa kihalali ni adimu katika migahawa ya huko, ingawa samaki, jibini, maharagwe na mboga za porini zilizochemshwa na kumiminiwa mafuta ya zeituni havikosekani popote. Kodi ya malazi hulipwa kwa kila chumba kwa kila usiku, hupanda kadiri nyota za hoteli zinavyoongezeka, na huwa kubwa zaidi kati ya Aprili na Oktoba. Iulizwe kabla, kwa sababu mara nyingi haimo katika bei inayoonyeshwa.

Chania ndio mji ningeanza nao. Bandari yake ya zamani ilijengwa na watu wa Venice, walioitawala Krete tangu karne ya 13 hadi mwaka 1669 Waosmani walipoutwaa mji wa Heraklion baada ya kuuzingira kwa zaidi ya miaka 20. Ukingoni mwa maji umesimama msikiti wa Kiosmani wenye kuba, ambao leo hutumika kwa maonyesho na si kwa sala. Mtu aliyezoea Mji Mkongwe wa Unguja atautambua upesi mji wa aina hii, wenye vichochoro vinavyoishia baharini na kuta zilizopokezana dini na wenyewe. Lakini sababu yangu ya kuutanguliza si bandari. Ni korongo la Samaria.

Samaria ndipo huduma hii inapoonyesha uwezo wake wote. Basi huondoka Chania asubuhi mapema na kupanda hadi uwanda wa Omalos, ambako njia ya kushukia korongoni huanzia mahali paitwapo Xyloskalo, zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Kutoka hapo mtu hutembea kilomita 16 akishuka hadi kijiji cha Agia Roumeli, kwenye bahari ya Libya. Eneo hilo lilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1962, na wanakijiji wa Samaria, kijiji kilichokuwa katikati ya korongo, walihamishwa. Nyumba zao za mawe bado zipo, na watu huzitumia kama mahali pa kupumzikia. Mbuzi mwitu wa Krete, aitwaye kri-kri, huonekana huko. Karibu na mwisho kuta za mwamba husogeleana mpaka zinaacha mita chache tu kati yake, huku zikipanda mamia ya mita kwenda juu, na mahali hapo Wagiriki hupaita Milango. Chemchemi za maji ya kunywa ziko njiani. Viatu ndivyo visivyosamehe, kwa sababu sehemu kubwa ya njia ni mawe ya mtoni, na ndala hazifai hata kidogo.

Ugumu wa mpango uko mwishoni. Agia Roumeli haina barabara ya gari. Mtu aliyeacha gari la kukodi juu Omalos anajikuta upande wa pili wa mlima, kilomita nyingi kutoka kwenye gari lake, na atahitaji boti, kisha basi au teksi, ili alirudie. Msafiri wa basi hana tatizo hilo. Alasiri hupanda boti kwenda Chora Sfakion au Sougia, na basi la kurudi Chania limepangwa kufuata boti, si boti kufuata basi: abiria hushuka gatini, hutembea hatua chache, na basi lipo. Barabara kutoka Chora Sfakion hupanda mlima kwa kona kali mfululizo, na nilipokuwa nimekaa dirishani nikitazama bahari ikizidi kuwa chini yetu nilifurahi kwa moyo wote kwamba usukani haukuwa mikononi mwangu. Nasema bila kusita kwamba kwa siku ya Samaria basi ni bora kuliko gari, hata kwa mtu mwenye gari.

Mama hakuweza kutembea kilomita 16, na wala hakulazimika kukaa hotelini. Kuna njia ya chini. Yeye na mke wangu walichukua basi la asubuhi kutoka Chania hadi Chora Sfakion, wakapanda boti hadi Agia Roumeli, wakatembea taratibu sehemu ya mwanzo ya korongo kutokea upande wa bahari, kisha wakarudi kijijini kula samaki kivulini huku wakitungoja sisi tuliokuwa tunashuka kutoka juu. Sote tulirudi kwa boti moja. Familia yenye wazee au watoto ningeishauri ifanye hivyo hivyo badala ya kumwacha mtu nyuma.

Tahadhari moja ya kupanga: korongo kwa kawaida hufunguliwa kuanzia Mei hadi Oktoba, na hata ndani ya miezi hiyo hufungwa siku za mvua au za joto kali kupita kiasi. Kwa hiyo Samaria iwekwe mwanzoni mwa siku za kukaa Chania, ili likifungwa ibaki siku nyingine ya kuhamishia. Anayeliweka siku ya mwisho anabahatisha.

Fukwe za magharibi nitazipitia upesi. Elafonisi, yenye mchanga wa rangi ya waridi, hufikiwa kwa basi kutoka Chania majira ya joto, lakini safari ni chache na saa ya kurudi imepangwa, kwa hiyo utakaa muda ambao ratiba imekupa. Balos hufikiwa kwa boti kutoka bandari ya Kissamos, na Kissamos kuna basi. Zote mbili ni nzuri na zote mbili hujaa watu mwezi wa Agosti kiasi cha kuupunguza uzuri huo. Mtu wa Dar es Salaam mwenye Kigamboni, na mwenye Unguja iliyo mwendo wa saa mbili kwa boti, hana haja ya kusafiri mpaka Ulaya kutafuta mchanga. Aende kwa ajili ya milima, miji na magofu.

Heraklion ina kelele na saruji nyingi, na kwa sura haiwezi kushindana na Chania, lakini kwa msafiri wa basi ni kituo bora. Knossos, magofu ya jumba la kifalme la kale, iko kilomita kama tano kusini ya katikati ya mji, na basi la mjini, ambalo ni tofauti na mabasi ya masafa, hufika hadi langoni mara nyingi kwa siku. Mfanyabiashara wa hapo, Minos Kalokairinos, ndiye aliyeanza kuchimba mwaka 1878, na Mwingereza Arthur Evans alianza uchimbaji wake mkubwa mwaka 1900. Nguzo nyekundu zinazoonekana kwenye picha zote ni ujenzi wa Evans mwenyewe, aliyetumia hata saruji kurudishia alichoamini kuwa ndivyo jumba lilivyokuwa. Mgeni akilijua hilo mapema atalitazama jengo kwa akili zaidi. Nenda asubuhi lango likifunguliwa, kabla mabasi ya watalii wa meli kubwa hayajafika, kisha mchana wa jua uutumie ndani ya jumba la makumbusho la mjini, ambako michoro ya ukutani na vyombo vilivyotoka Knossos vimehifadhiwa.

Upande wa mashariki, basi la Agios Nikolaos huchukua kama saa moja na nusu, na kutoka pande hizo boti huvuka kwenda Spinalonga, ngome ya watu wa Venice iliyogeuzwa kuwa makazi ya wagonjwa wa ukoma kuanzia mwaka 1903 hadi 1957. Ni safari ya siku moja inayotoshea bila kukimbia. Sitia na ufukwe wa Vai, wenye msitu wa mitende ya asili ya Krete, ziko mbali zaidi, na anayezitaka alale huko huko.

Kusini ndiko basi linakopungukiwa, na hapa tathmini yangu inabadilika. Kutoka Heraklion kuna basi la kwenda Mires, Phaistos na Matala, na njiani hupita Gortyn, uliokuwa mji mkuu wa mkoa wa Kirumi uliojumuisha Krete na Kirene. Magofu ya kanisa la Mtakatifu Tito yapo hapo kando ya barabara. Tito, mwenzake Mtume Paulo, ndiye anayehesabiwa kuwa askofu wa kwanza wa Krete, na fuvu lake, lililochukuliwa na watu wa Venice walipoondoka, lilirudishwa Heraklion mwaka 1966 na limewekwa katika kanisa lenye jina lake mjini. Mama alikuwa amekuja na shauku moja iliyozidi zote, kuiona Bandari Nzuri, pale ambapo meli iliyokuwa inampeleka Paulo Roma akiwa mfungwa ilijificha upepo. Mahali hapo bado panaitwa hivyo kwa Kigiriki, Kaloi Limenes, na papo kwenye pwani ya kusini nyuma ya milima, kwa barabara nyembamba yenye kona. Hapo hatukuitegemea ratiba. Tulikwenda Mires kwa basi, tukapatana na teksi kwa nusu siku, bei ikakubaliwa kabla ya kufungua mlango. Ghuba ni ndogo na tulivu, kikanisa kipo juu ya kilima, na mbele yake kisiwa kidogo kimejengwa matangi ya mafuta ya meli. Matangi hayo hayakumsumbua mama hata kidogo. Alisema meli zimekuwa zikitafuta hifadhi hapo tangu zamani na bado zinatafuta.

Kwa hiyo ushauri wangu kuhusu kusini ni kuchanganya: basi hadi mji wa karibu, teksi kwa kipande kilichobaki. Kukodi gari kwa likizo nzima kwa sababu ya siku moja au mbili za kusini ni hesabu mbaya. Vijiji vya pwani ya kusini magharibi, kama vile Loutro, havina barabara kabisa na hufikiwa kwa boti au kwa miguu, kwa hiyo huko gari halina msaada wowote.

Yapo mapungufu mengine ya kuzingatia. Jumapili na sikukuu safari hupungua, hasa za vijijini. Basi la mwisho la jioni katika njia ndogo huondoka mapema kuliko mgeni anavyotarajia katika nchi ambayo watu hula chakula cha usiku saa tatu au saa nne, na asiyeliangalia atalipa teksi ya gharama kubwa. Ratiba ya majira ya joto hutolewa msimu unapokaribia, jambo linalogongana na utaratibu wa viza.

Hilo la mwisho linahitaji maelezo. Mwenye pasipoti ya Tanzania anahitaji viza ya Schengen, na maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari hadi siku 15 kabla yake. Ada kwa mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024, na bima ya safari lazima ifidie matibabu ya angalau yuro 30,000. Waombaji hutakiwa kuonyesha mahali watakapolala, wakati ratiba ya basi ya siku zenyewe huenda bado haijatoka. Njia niliyoitumia ni kuweka malazi yanayoruhusu kufutwa bila faini, katika miji ile miwili ya njia ya kaskazini, ambayo basi lake lina uhakika mwaka mzima. Ratiba mpya inapotoka, zinazorekebishwa ni siku za matembezi tu, miji ya kulala haiguswi. Ndege za kutoka Dar es Salaam hupitia Istanbul, Doha au Dubai hadi Athens, na kutoka hapo kuna ndege za ndani hadi Heraklion na Chania.

Kuhusu miezi, Juni na Septemba ni bora. Julai na Agosti, wakati kusi inavuma kwetu, huko huvuma meltemi, upepo mkavu wa kaskazini ambao ukizidi nguvu mamlaka za bandari huzuia meli zisitoke. Tarehe 15 Agosti ni sikukuu kubwa ya Bikira Maria kwa Waorthodoksi, Wagiriki wenyewe wanasafiri kwenda makwao, na viti vya basi na meli hujaa. Aliyepanga safari karibu na siku hiyo akate tiketi mapema sana. Majira ya baridi korongo na boti nyingi za kusini husimama, ingawa basi la kaskazini huendelea.

Kwa kurudi Athens ningependekeza meli ya usiku kutoka Heraklion hadi Piraeus, bandari ya Athens, badala ya ndege, hasa kwa familia yenye mizigo. Kituo kikuu cha mabasi cha Heraklion kiko karibu na bandari, hivyo anayetoka Chania mchana hufika, hula bila haraka, kisha huingia melini jioni. Chukueni chumba chenye vitanda badala ya viti vya ukumbini, maana bei yake inaokoa usiku mmoja wa hoteli na wazee hulala. Meli hufika Piraeus alfajiri au asubuhi mapema, na tangu Oktoba 2022 treni ya metro, njia ya tatu, inatoka Piraeus moja kwa moja hadi uwanja wa ndege wa Athens. Tiketi ya uwanja wa ndege ina bei yake maalumu, tofauti na ya mjini, kwa hiyo ichaguliwe hiyo kwenye mashine kabla ya kupita getini.